Mwaka Nilipopanga Chumba Kando ya Maharagi

Tulimzika Mama Paluku mwezi uliopita, huko Beni. Matanga yalifanyika katika uwanja wa nyumba ya binti yake, komini ya Bungulu, na mimi nilipewa kiti cha plastiki chini ya turubai, nikakaa hapo mchana kutwa kati ya watu nisiowajua. Wa kanisa waliimba, wa ukoo walisemezana Kinande, vijana walipitisha soda. Msichana mmoja mrefu, aliyevaa kitambaa cha sare ya msiba, aliniinamia akaniuliza kwa adabu, "Papa, samahani, muko wa famille ya wapi? Ya Butembo ao ya Musienene?" Nikamjibu kwamba mimi si wa familia. "Basi muko rafiki?" Nikasema mimi ni Kambale wa labo, yaani wa maabara, niliyepanga kwa bibi yake zamani. Akatabasamu kama mtu anavyotabasamia jina ambalo halimwambii kitu, akaniachia Fanta, akaenda zake. Sikumlaumu. Jina lake ni Masika, na mwaka ninaotaka kuusimulia alikuwa bado ananyonya.

Habari za ukoo wangu nitaziruka. Aliyenisomesha ni mimi mwenyewe. Niliuza sabuni, nikabeba matofali, nikafua mashati ya wanafunzi wenzangu huko Kampala, na nikarudi nyumbani na diploma ya maabara yenye muhuri mwekundu. Leo nina maabara yangu katikati ya Butembo, ghorofa mbili, jenereta nyuma na paneli za jua juu ya paa, na vijana waliosoma katika vyuo vikubwa kuliko changu wananiita chef, yaani mkuu. Siyasemi haya kwa unyenyekevu, maana sikuyapata kwa unyenyekevu. Lakini kuna jambo ninalojivunia kuliko jengo lile, na nililifanya nikiwa kijana asiye hata na meza ya kulia chakula. Aliyelijua vizuri ni yule tuliyemzika.

Niliporudi kutoka Kampala niliwakuta wenzangu wa utotoni wameoa, wana maduka na pikipiki, na hawana la kuzungumza nami. Kifaransa changu kilikuwa kimeshika kutu. Nikitafuta neno, linakuja la Kiingereza, nao wanacheka. Waliniita Mukampala. Jumapili walinialika mara moja, wakanionyesha watoto wao na televisheni zao, kisha hawakunialika tena. Kazi niliipata katika maabara ya hospitali moja ndogo mlimani, na chumba nikakipata nyuma ya nyumba ya watu wanaofanya biashara ya maharagi. Kilikuwa chumba cha mbao, bati juu bila dari, kitanda, ndoo, na msumari mmoja ukutani ambapo nilitundika diploma yangu ndani ya kioo. Ukuta mmoja ulikuwa ndio ukuta wa depo, ghala lao la maharagi. Asubuhi za Butembo ni za baridi na maji maji. Kuta zisizopata jua zinaota kijani, viatu vilivyowekwa chini ya kitanda vinanuka. Kupitia zile mbao nilisikia harufu ya magunia, na siku ya kwanza kabisa nilimsikia mtu akikohoa.

Aliyekohoa ni Mama Paluku, mwenye nyumba mwenyewe. Watu walimwita hivyo kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Paluku, ambaye sasa ndiye aliyekaa katika nyumba kubwa ya mbele pamoja na mke na watoto wake. Mama aliugua kifua kikuu miaka iliyotangulia, akameza dawa, akapona. Kikohozi kikarudi. Wakampa dawa mara ya pili, safari hii pamoja na sindano zilizomwachia mlio katika sikio. Baada ya hapo vipimo vyote vilisema hakuna tena vijidudu vya kifua kikuu, lakini yeye aliendelea kukohoa, kukonda, na mara nyingine kuona uzi mwekundu kwenye kitambaa chake. Wakati wa ugonjwa wa kwanza, Paluku na mkewe walikihamishia kitanda chake depo ili watoto wasiambukizwe. Walifanya kwa moyo mzuri. Walipiga sakafu ya mbao, wakanunua godoro jipya, wakaziba nyufa zote ili baridi isiingie. Alipopona hakuna aliyekirudisha. Mama Paluku akalala humo na kushinda humo, akichagua maharagi yaliyoletwa siku za soko kutoka Musienene, akimwaga gunia kwenye beseni, akitoa yaliyooza na yenye manyoya meupe, na vumbi likisimama mbele ya mlango penye mwanga.

Mimi nilikula mkate na chai, kimya, nikitazama diploma yangu. Jioni moja sauti ikapita katikati ya mbao.

"Weye wa pale! Unakulaka nini?"

"Mkate, Mama."

"Mukate? Mwanaume muzima? Kuya huku."

Alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha depo, mbele ya jiko la makaa, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, imefunikwa kwa jani la ndizi. Alinikatia bugali pembeni ya ule wake, kisha akasita, mkono ukiwa hewani. "Hauogope kikohozi yangu?"

"Mimi ndiye niliyeangalia makohozi yako juzi, Mama. Kwa darubini. Hakuna kifua kikuu mle."

Akaniwekea bugali. "Eh. Basi weye njo mutu wa kwanza kuona mambo ya ndani yangu na kukubali bado kukula na miye." Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akageuza uso, na mimi nikaendelea kula kwa makusudi ili aone. Tangu jioni ile tulikula pamoja. Nimekula kwenye hoteli za Nairobi na Kigali tangu hapo, kwenye mikutano yenye vitambaa vyeupe juu ya meza, na sijapata tena sahani iliyoningoja namna ile.

Kwa sababu ya sikio lake, simu aliiweka siku zote kwa sauti ya nje, na mimi upande wa pili wa mbao nilisikia kila kitu bila kutega sikio. Ndivyo nilivyojua habari za Kavira, binti yake aliyeolewa Bungulu, ambaye mwaka ule alijifungua mtoto wake wa kwanza.

"Kavira, nataka kukuya kuosha mutoto. Njo kazi ya mama."

"Mama, sikukatalie. Mais mutoto iko mudogo sana. Mama-mukwe hapa anasema tungoje. Ukuye ukishapona."

"Nitapona lini?"

"Sijue, Mama. Uulize badaktari."

Kisha sauti ya maharagi yakianguka kwenye beseni, moja moja. Kwetu bibi ndiye anayemshika mtoto wa kwanza wa binti yake, anamwosha, anamfunga, anamwita jina la kuzaliwa mbele ya watu. Bibi asiyefanya hivyo akiwa hai ni kama amekufa kabla ya siku zake. Mama Paluku hakuniambia kwamba anaogopa kufa. Aliniambia jambo moja tu, na alilirudia mwaka mzima: alitaka kumshika mtoto.

Katika maabara, mkuu wangu alikuwa Monsieur Kakule, mtu mnene, mcheshi, aliyejua kazi yake. Maabara ile ilikuwa na desturi ambayo ilikuwa desturi ya kila maabara niliyoiona, hata Kampala: sahani ya kuotesha bakteria ikiota kuvu, inatupwa, wala haiandikwi, kwa sababu kuvu huanguka kutoka hewani na ukutani. Katika mji wa baridi na unyevu kama wetu, desturi hiyo ina maana. Nilipootesha makohozi ya Mama Paluku, yaliota bakteria ya rangi ya kijani, yenye harufu tamu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi, na karibu yake ikaota kuvu ya kijivu, laini kama mavumbi. Nikaomba makohozi mengine. Ikawa vile vile. Nikampelekea Kakule.

"Chef, angalia hii."

"Ninaona. Champignon, kuvu tu. Tupa."

"Lakini inarudi kila mara, chef, na ni ile ile."

"Kambale, uko Butembo. Hapa hata nguo inaotaka champignon. Nilitoa koti yangu ya ndoa, mukono mumoja iko na ndevu. Sasa tutibu koti?" Wenzangu wote wakacheka, na mimi nikacheka kidogo ili nisionekane mtu wa kiburi, ingawa kiburi nilikuwa nacho na kilinisaidia. Sahani sikuitupa. Niliifunika, nikaiweka chini ya meza yangu.

Chakula maalumu cha kuoteshea kuvu hatukuwa nacho. Nilijitengenezea. Nilichukua viazi vya Masereka ambavyo Mama Paluku alinipa kwa ajili ya chakula, nikavichemsha, nikachuja maji yake, nikatia sukari na agari kidogo, unga wa kugandisha uliobaki kwenye kopo la hospitali, nikamimina kwenye sahani safi. Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo Butembo, na hakuna aliyenishukuru. Upande mmoja nikapanda ile bakteria ya kijani, upande wa pili ile kuvu. Zilikua zikielekeana, halafu zikasimama. Kati yao ukabaki mstari mtupu, kama mpaka kati ya mashamba ya ndugu wagomvi. Bakteria ilikuwa inatoa sumu yake ya kijani, na kuvu haikuthubutu kuivuka. Ndipo nikaweka juu ya bakteria kidonge kidogo cha antibiotiki, ile ile ambayo Mama Paluku aliinunua kwenye duka la dawa la kona kila kifua kilipombana. Bakteria ikarudi nyuma. Kuvu ikavuka mpaka, ikajaza sahani.

Nilikaa nikiitazama. Ilikuwa ni maisha yake yote ya miaka ile, kwenye sahani ninayoweza kuishika kwa vidole viwili. Alimeza vidonge, juma moja akaimba nyimbo za kanisa akichagua maharagi. Halafu kikaja kipindi cha kutema damu. Wapangaji wawili walikaa katika pafu moja, wakichukiana, na kila alipomfukuza mmoja, mwingine alipanua kitanda chake. Leo watu wa fani yetu wanajua mengi zaidi: kwamba bakteria ile huinyang'anya kuvu chuma inachohitaji ili kukua, kwamba sumu hiyo hiyo ikiwa kidogo huweza kuichochea kuvu badala ya kuizuia, kwamba hata harufu ya bakteria kutoka mbali inaweza kuilisha. Ni maadui wanaoishi kwa kuegemeana. Nilipoyasoma haya baadaye, mtu mzima, sikushangaa. Nilikuwa nimeyaona, sehemu yake, kwenye maji ya viazi.

Ilikuwa wakati huo daktari wa wagonjwa wa kifua alipoamua kumwanzishia Mama Paluku dawa za kifua kikuu mara ya tatu, na sindano tena. Hakuwa mjinga, alikuwa na mgonjwa anayekonda, anayetema damu, na pafu lenye tundu lililoachwa na ugonjwa wa kwanza. Mama alinieleza habari hiyo tukila maharagi na viazi, kwa sauti ya kawaida. "Sindano itamaliza na hii sikio ingine. Si kitu. Mutoto nitamushika tu, hata kama sitasikia akilia." Niliona mbele yangu miezi mingine ya dawa isiyomhusu, uziwi, na Kavira akiambiwa kwamba mama yake ana kifua kikuu kwa mara ya tatu. Baada ya hapo hakuna mtu Bungulu ambaye angemfungulia mlango.

Neno lililonisumbua lilikuwa la Kakule: kuvu ya ukutani. Ikiwa ni ya ukutani, ni ukuta gani? Nikachukua sahani zangu za viazi, nikaziacha wazi zote kwa muda mmoja, kama wa kupika chakula: moja katika maabara chini ya pua ya Kakule, moja chumbani kwangu, moja katika salon, sebule ya Paluku, moja depo karibu na mto wa Mama. Nikazifunika, nikangoja. Ya maabara iliota madoa machache ya kila rangi. Ya salon vile vile. Ya chumbani kwangu zaidi kidogo. Ya depo haikuwa na mahali pa kuweka kidole: yote kijivu, yote laini, yote ile ile.

Nilisimama na sahani ile mkononi nikaelewa jambo ambalo mpaka leo linanipa uzito. Walimtenga ili wasiambukizwe, na mahali walipomtengea, mahali palipozibwa kila ufa kwa mapenzi ili asipate baridi, ndipo palipokuwa na ugonjwa uliobaki. Maharagi yaliyovunwa wakati wa mvua, magunia yaliyofungwa yakiwa na unyevu, vumbi lile aliloliinua kila siku kwa mikono yake. Pafu lenye tundu lilikuwa linavuta shamba zima la kuvu, mchana na usiku, na kila alipozidi kukohoa ndivyo walivyozidi kumwacha humo.

Kakule alizitazama zile sahani bila mzaha. Alizipanga upya, akazigeuza, akasema, "Bon. Hii si koti." Akavua kofia yake ya kazi, akaenda mwenyewe nami kwa daktari. Daktari akaagiza picha ya kifua. Ndani ya lile tundu la juu upande wa kulia palikuwa na kitu cha duara, kama kiazi ndani ya chungu, na Mama alipolala ubavu kikahama. Ilikuwa kuvu, imejikunja mpira. Daktari akafuta dawa za kifua kikuu. Akatueleza pia kwamba kama angezianza, zingeimaliza nguvu dawa yoyote ya kuvu ambayo tungempa. Dawa ya kuvu haikupatikana Butembo. Nilimpigia simu mwenzangu wa chuo huko Kampala, ikaja na wafanyabiashara kupitia mpaka wa Kasindi, imefichwa kati ya vitenge ili isipotee.

Kazi ngumu ilikuwa nyumbani. Nilimkuta Paluku akifunga gunia uwanjani, nikamwambia kwamba kitanda cha Mama lazima kitoke depo.

"Kiende wapi, Mukampala? Kule njo kuko joto. Miye mwenyewe ninalala juu ya simenti, yeye nilimupigia plancher ya mbao."

"Najua, yaya," nikasema, kama tunavyomwita kaka au dada mkubwa. "Lakini iliyo kifuani mwake ni ile iliyo kwenye maharagi. Si kifua kikuu. Na haimpati mtu kutoka kwa mtu mwingine."

Mke wake alikuwa akichambua sombe. Kisu kikasimama. "Donc ni siye tulimugonjesha?"

"Hapana, yaya. Hakuna aliyejua."

"Mais weye umejua," Paluku akasema, na hakulisema kama sifa. Akatupa kamba chini, akaingia ndani. Kwa majuma kadhaa hakunisalimu. Ndivyo nilivyojifunza kwamba mtu anaweza kukuletea ukweli na ukatamani ahame kwako.

Mama mwenyewe alikataa kabisa. "Maragi ni yangu," akasema, amekaa juu ya gunia kama jaji. "Miye ninajuaka ya Musienene na ya Masereka kwa kushika tu. Nikitoka humu nitakuwa mugonjwa wa kukaa salon, bananiletea chai. Muke ya Paluku njo atauzisha. Hapana."

"Utachagua uwanjani, Mama, kwenye upepo, na kitambaa puani. Depo utaingia kutoa amri tu."

"Hapana, nimesema."

"Na Bungulu?"

Akapangusa mikono yake kwenye kitenge, polepole, kidole kimoja kimoja. "Kambale," akasema, "uko mubaya." Akasimama na kumwita Paluku aje kubeba kitanda.

Nikiwa bado na moto wa ushindi, Jumamosi moja nilipanda gari nikaenda Beni, peke yangu, kumweleza Kavira. Nilivaa shati jeupe. Nilibeba matokeo yenye muhuri. Nyumba ilikuwa na maua ya plastiki kwenye salon, na mtoto alilala kwenye kanga juu ya kiti, ngumi zimefungwa. Nilieleza vizuri, najua kueleza. Kavira alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Docteur, weye unaweza kulalisha mutoto yako karibu na Mama?"

"Sina mtoto."

"Bibi yako?"

"Sijaoa."

"Ah," akasema, bila ubaya wowote, na akanirudishia karatasi yangu. "Ni vile."

Nilirudi Butembo nimekaa kati ya mapipa ya mafuta ya mawese. Njia nzima nilijibu maswali yake kichwani kwa majibu mazuri sana.

Mama Paluku alimeza dawa miezi mingi. Alichefuka, miguu ikamvimba kidogo, daktari akapunguza, akaendelea. Ile bakteria ya kijani haikuondoka yote, wala ule mpira haukuyeyuka wote. Sitaki kudanganya kwa ajili ya hadithi. Lakini damu ilikoma. Mashavu yalirudi. Alikaa uwanjani asubuhi, kitambaa puani kama mwizi wa barabarani, akipiga kelele kwa wenye mikokoteni, na alilala katika nyumba kubwa, chumba kimoja na wajukuu wake, watoto wa Paluku. Mimi jioni nilikula mkate. Sufuria ilikuwa sasa mbele, jikoni kwa mke wa Paluku, kati ya watoto, na kupitia mbao za ukuta sikusikia tena kitu. Mara nyingine mtoto mmoja aliniletea sahani iliyofunikwa, akaiweka mlangoni, akakimbia kurudi alikotoka.

Siku moja nikipita dirishani nilimsikia mke wa Paluku kwenye simu. "Kavira, sikia. Miye siko docteur. Mais batoto yangu banalalaka na yeye tangu mwezi ile. Wa mudogo anakojolea hata juu yake. Hakuna hata mumoja anakohoa. Weye unangoja nini, akufe?" Akasikiliza jibu nisilolisikia. Kisha mke wa Paluku akasema, "Aya. Jumapili, siku ya Mungu, tutamuleta."

Walinichukua pamoja nao. Mama alivaa viatu vya ngozi na kilemba cha bluu, na njia nzima hakuongea. Uwanja wa Kavira ulikuwa umefagiwa, na mama-mkwe wake amekaa mlangoni kama mlinzi. Mama Paluku alikalishwa kwenye mkeka. Kavira akasimama mbele yake na mtoto mgongoni, akafungua kanga, akasita, akamweka mikononi mwake. Mtoto akamtazama, akaona uso asioujua, akapiga kelele. Watu wakacheka. Mama Paluku naye akacheka, na kicheko kikashuka kifuani, na akakohoa.

Alikohoa kama zamani, kwa muda mrefu, uso ameugeuza begani ili asimkohoe mtoto. Mama-mkwe alinyanyuka nusu. Mimi nilifungua mdomo nieleze, maana maelezo nilikuwa nayo yote. Kavira alikuwa amenyoosha mikono miwili kuelekea mtoto. Mikono ile ilibaki pale, kisha akaishusha chini kwenye magoti ya mama yake, akaisawazisha kanga iliyokuwa imeteleza, akasema, "Mama, nikuletee maji?"

"Lete," akasema Mama Paluku akivuta pumzi. "Na ulete beseni na sabuni. Masika huyu nimemupaka mavumbi ya njia."

Walimwosha mtoto pale pale kwenye jua. Mimi walinikaribisha ndani. Kwetu mgeni wa heshima hali na watu wa nyumbani. Mama-mkwe mwenyewe alinitandikia meza katika salon, kati ya maua ya plastiki, akaniwekea samaki mzima, wali, viazi vya kukaanga, sombe, soda mbili, na taulo ya kunawa. "Docteur, mukule. Wasingya," akanishukuru kwa Kinande, akanifungia mlango ili nzi wasinisumbue. Nje walikuwa wamekaa wote kwenye mkeka kuzunguka sinia moja la bugali. Niliwasikia wakigombania kichwa cha samaki, nikamsikia Mama Paluku akimwambia Paluku kwamba anakula kama mwenye gari. Halafu mtoto mmoja akauliza yule mutu iko wapi, na Kavira akajibu, "Muache. Iko anakula mu salon. Ule ni mutu mukubwa."

Samaki alikuwa mtamu. Nilimla mzima, nikanawa mikono, nikangoja mtu anifungulie mlango.